Kiti Ulichotaka Kukiosha

Mwanangu Eva,

Barua huwa inaanza kwa kuuliza hali, lakini ya kwako ninaijua. Uko chumba cha pili, ukuta tu ndio uko kati yetu, na sasa hivi nimekusikia ukimbembeleza Msengi alale. Pengine utashangaa mtu kumwandikia mwanawe aliye chumba cha pili. Ni kwa sababu tangu ile siku ya kisu mimi na wewe tunaongea kama wapangaji. "Mama, chumvi iko wapi?" "Kwenye kopo." Imeisha hiyo. Na nikisema nije kukuambia kwa mdomo, nitaanza kulia kabla sijafika popote, wewe utasema basi mama, yaishe, na mimi nitakubali yaishe. Asubuhi gari litawachukua, na jambo lenyewe litabaki hapa na mimi.

Mambo ya safari siandiki, wala sitakupa maelekezo. Maji ya mtoto umechemsha, nguo umefunga mwenyewe, na Daudi atakuwa anawangoja Itigi. Hayo unayajua kuliko mimi, mimi ambaye Itigi naisikia tu kwamba treni inapita na mumeo amepata kazi hapo relini. Nataka kuandika habari za kile kiti cha kulishia mtoto. Kile cha mbao, chenye miguu mirefu na kimeza cha mbele, ulichotaka kukiosha nikakunyang'anya.

Nivumilie mwandiko. Niliishia darasa la nne, na tangu hapo kalamu naishika siku ya kusaini kwenye mkutano wa kikundi, basi. Ukikuta neno limekatwa, ujue nilikuwa nafikiri.

Msengi alipoanza kuharisha nilisema ni meno. Nilisema kwa nguvu kabisa, mbele ya Mama Neema wa hapa jirani, naye akaitikia, "Meno hayo, hata wangu alikuwa hivyo hivyo." Wewe ulimchukua mtoto. Ulimfunga mgongoni ukashika njia ya zahanati, na mimi nikakufuata mbio na kandambili za baba yako miguuni. Nesi akakuuliza mtoto anakula nini, ukasema uji wa lishe. Akauliza maji mnachemsha, ukasema tunachemsha. Akauliza anakulia wapi.

"Kwenye kiti chake."

"Cha namna gani?"

"Cha mbao, cha zamani. Hata mimi nilikikalia."

Nesi akacheka. "Basi na uji wako bado umo," akasema.

Alikuwa anatania, na wewe ukatabasamu kidogo kwa mara ya kwanza siku ile. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi, na lile neno liliniingia mwilini kama maji ya baridi, kwa sababu lilikuwa kweli. Umo, Eva. Na sio wako peke yako.

Mtoto akapona, tunashukuru. Ile siku aliporudi kutambaa na kuvuta mkia wa paka ndiyo siku uliyokitoa kiti nje, ukakipindua miguu juu, ukamwagia maji ya moto, ukaja na kisu cha jikoni. Mimi nilikuwa napepeta. Nikakuona unaingiza ncha ya kisu chini ya kimeza, pale kwenye ukingo.

"Acha hapo."

"Mama, njoo uone. Kumeganda kitu cheusi, sijui cha mwaka gani."

"Nimesema acha. Kiti sio chako."

"Sio changu, ni cha mtoto wangu. Unataka afe?"

Nilikunyang'anya kile kiti na maji yakinimwagikia. Nilikipeleka stoo nikafunga kufuli, na ufunguo nikauweka kifuani. Nilipotoka ulikuwa bado umesimama palepale na kisu mkononi, unaniangalia kama unavyomwangalia mtu usiyemjua. Jioni ukampigia mumeo. Tulikuwa tumekubaliana mkae mpaka alizeti ivunwe, lakini ukamwambia unataka kwenda, na yeye akasema njoo.

Sikulaumu. Mwanamke anayemwona mama yake anapigania uchafu afanye nini tena.

Sasa nikuambie. Unajua kwamba kabla yako alikuwepo kaka yako, Yona. Jina unalijua, na kaburi umelipalilia nami. Zaidi ya hapo sijawahi kukuambia kitu, na baba yako naye hakukuambia kwa sababu nilimkataza. Kile kiti kilitengenezwa kwa ajili ya Yona. Fundi Mkumbo, ambaye alikuwa anatengeneza milango pale barabarani, alikuwa hajawahi kutengeneza kiti cha mtoto hata kimoja. Baba yako alikuwa ameona kimoja mjini, akamchorea kwa mkaa kwenye ubao. Fundi akasema, "Hiki ni kiti au mnara?" Lakini akakitengeneza, kwa mninga, na kimeza akakipigilia misumari kikawa hakitoki. Alijivunia sana hilo. "Huyu hata akirithi nguvu za baba yake hakitoki." Ndiyo ikawa kasoro yake ya kwanza, na sisi tuliona ni uimara.

Alituambia tukipake mafuta, kwa sababu upepo wa hapa kwetu kiangazi unapasua mbao. Mafuta gani, hakusema. Kwetu mafuta ni alizeti. Basi kila Jumamosi mimi na kitambaa changu nilikipaka alizeti mpaka kinang'aa, wageni wanakisifia, "Mama Yona, kiti chako kama kimetoka dukani." Nilikuwa sijui kwamba alizeti kwenye mbao haiendi popote. Inakaa, inakuwa kama gundi, halafu vumbi la kiangazi linakuja kukaa juu yake, na uji unakuja kukaa juu ya vumbi. Ukipaka tena unafunika yote. Nilikuwa nafikiri nasafisha.

Na maji, Eva. Wewe umekua bomba likiwa shuleni, umbali wa kuitana. Sisi tulikuwa tunachimba mchanga mtoni tunangoja yajichuje, unarudi na ndoo moja jua limeshapanda. Ndoo hiyo ukiitumia kuosha kiti watu wangekushangaa. Kwa hiyo nilikuwa nafuta tu. Pembe ya kanga naitia mate, nafuta mdomo wa Yona, nafuta kimeza, nafuta mikono yangu, kanga hiyo hiyo nafunikia ugali. Nakuandikia hili uniwazie, mama yako, msichana mdogo kuliko wewe sasa, na kiti kinachong'aa.

Yona alipenda kile kiti kuliko mgongo wangu. Alikuwa akimaliza uji anagonga kijiko kwenye kimeza, kijiko cha bati, mpaka baba yako huko zizini anasikia anaitikia kwa kupiga mluzi. Akiitikiwa anacheka, anagonga tena. Asubuhi ile alikula, akagonga, akaitikiwa. Mchana mwili ukawa moto. Ilikuwa masika, njia ya kwenda hospitali yote matope, baba yako anasukuma baiskeli, mimi nimembeba. Walisema ni malaria na kwamba tumechelewa kidogo. Kidogo. Niliishi na hilo neno miaka mingi. Sikuandikii kwamba kiti ndicho kilimuua. Hakikumuua kiti. Nataka ulijue hilo kwanza, usije ukalibeba lisilokuwepo.

Siku ya kuanua matanga wanawake walikuja kama kawaida, wakafua kila kitu, wakatoa majivu, wakafagia mpaka nyuma ya maghala ya mahindi. Hiyo unaijua, na wewe umeshakwenda kuifanya kwa wenzako. Mmoja akakibeba kile kiti akakiweka juani, akaanza kumwagia maji. Nilikuwa nimelala ndani kwenye mkeka. Nikasikia maji yanagonga ubao. Nikatoka nikasema hicho kiacheni. Wakasema, "Tunakusaidia, mwenzetu." Nikasema kiacheni. Juu walikuwa wameshapaosha. Lakini chini ya kimeza, pale kwenye ukingo ambapo ubao umepigiliwa, uji wa asubuhi ile ulikuwa umeingia na kukauka, na mimi nilikuwa nimeuona.

Nguo zake walizifua. Shuka walilifua. Harufu yake yote waliifua kwa sabuni, na mimi nikashukuru maana ndiyo desturi, na wao walinipenda. Ule uji tu ndio uliobaki. Nilikuwa naingiza kidole pale chini nagusa, natoa. Utasema ni wazimu. Inawezekana.

Ulipozaliwa wewe na ukaanza kukaa, nikakukalisha humo humo. Baba yako akasema, "Tukioshe kwanza," nikasema nitakiosha. Nikafuta juu. Ulikuwa mgongaji kama yeye, mwanangu, na ulipokuwa ukigonga nilikuwa nasikia mnagonga wawili. Hiyo ilinipa furaha ambayo siwezi kukuambia, na furaha hiyo ndiyo iliyonifanya nisiangalie kinachoingia mdomoni mwako. Wewe ulikuwa mtoto wa tumbo, tumbo, tumbo. Kila wiki. Nilikuwa nasema una macho ya watu, watu wanakuangalia sana kwa sababu wewe ni mzuri. Nikakushonea na mto wa sponji wa kukalia, nikauvalisha kitenge, nikaupigilia humo humo ili usianguke. Mvua ya mkojo na uji ikaushukia mpaka ukawa mzito. Sisimizi wakahamia. Siku moja ulilia kwenye kiti nikadhani umeshiba, kumbe wamekuuma mapajani mpaka pakawa kama upele. Ule mto niliutupa. Kimeza sikukigusa.

Na hivi majuzi ulipokuja kujifungulia hapa nyumbani, nikakitoa stoo, nikakipaka mafuta tena, nikakuonyesha kama mtu anayeonyesha mahari.

Uliponiuliza, "Unataka afe?", Eva, ulikuwa hujui unamwambia nani. Lakini nilivyolala usiku ule nikaona kwamba swali lako lilikuwa zuri. Nilikuwa nimemshikilia mmoja kwa mkono mmoja na mwingine nimemwachia.

Ile siku niliyosema nakwenda Singida kutafuta dawa ya mgongo, mgongo haukuwa unauma. Nilikwenda duka la vitu vya watoto, na kwenye kikapu nilikuwa na uji ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka. Dada wa dukani akaniamkia vizuri, akanionyesha kwanza kiti kimoja chenye maua na sponji nene, kimeshonwa kama kochi la bwana harusi. Nilikitamani kweli. Nikaminya lile sponji nikakumbuka.

"Kitambaa hiki kinatoka?"

"Hakitoki mama, kimeshonewa. Ila usijali, unafuta tu."

Unafuta tu. Nilimwangalia nikamwona mimi mwenyewe. Nikatoa kopo.

"Nina uji hapa, mwanangu. Naomba nijaribu."

"Mama, umekuja kununua au kulisha?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa anachagua beseni akasema, "Si mwache ajaribu, hata pikipiki watu wanaiwasha kwanza." Wakacheka, na yule dada akakubali, lakini kwenye vile vya plastiki tu. Nikadondosha kidogo kwenye pembe za kimoja, na kidogo kwenye kingine ambacho kimeza chake kilikuwa na bata aliyechongwa kwa kuchimbwa ndani. Nikaketi nikangoja uji ukauke, tukapiga soga, yule dada akaniuliza mpaka habari za mvua za huku. Ulipokauka nikafuta kwa kitambaa chenye maji. Kile cha kwanza kikawa kama hakijawahi kuona uji. Yule bata akabaki na uji machoni.

Basi nimechukua kile cha kwanza. Kiko kwenye lile gunia nyuma ya mlango, ambalo ulidhani ni mahindi ya kubeba. Ni kibaya, nakubali, rangi ya majivu, kama ndoo iliyoota miguu. Lakini kitazame. Kimeza kinachomoka kwa mkono mmoja, maana mkono wako mwingine siku zote utakuwa na mtoto. Pembe zake ni za mviringo, hakuna ukingo wa kuficha kitu. Mikanda yake inatoka, na hapo ndipo watu wengi husahau, kwa sababu mtoto hunyonya mkanda, na mkanda unakunywa kila kitu. Iloweke kwenye maji ya moto na sabuni, uisugue kwa mswaki wa zamani, uianike juani mpaka ikauke kabisa, usiirudishe kwenye kiti ikiwa mbichi. Miguu yake imetanuka, hakiyumbi. Nilikitikisa pale dukani mpaka yule dada akaniambia, "Mama, kimekukosea nini?"

Akimaliza tu kula, osha. Usingoje jioni, uji ukilala unakuwa saruji. Pindua uangalie chini, kila siku uangalie chini, hata kama juu panang'aa. Kitambaa cha kiti kiwe cha kiti, kisije kikafuta mdomo wake wala sufuria. Na usipake mafuta ya kitu chochote. Nimeandika hapo juu kwamba sitakupa maelekezo, na nimekupa. Ndivyo nilivyo. Lakini haya sio yangu, nimeyanunua kwako, kwa tumbo lako la utotoni, na nayarudisha.

Leo mchana ulipokwenda kuaga kwa mama mdogo, nilimwomba baba yako alete koleo. Akaleta. Nilipofungua stoo akaelewa, akakaa chini akaanza kung'oa misumari ya fundi Mkumbo, mmoja mmoja, polepole, kama anayemtoa mtu mwiba. Kimeza kikaachia. Nikachukua maji ya moto na kile kisu chako.

Nilikuwa nimejiandaa, Eva. Nilifikiri nitamkuta. Miaka yote hii nilikuwa najua kwamba chini ya ule ubao kuna asubuhi ile imekaa inaningoja. Kilichotoka kilikuwa kipande cheusi kama ganda la mti, na mafuta, na vumbi, na miguu ya sisimizi, na ulezi wa Msengi wa juzi bado mwekundu kidogo. Nilikisugua kwenye kiganja nikitafuta ni sehemu gani ya Yona, ni ipi yako, ni ipi ya mjukuu wangu. Haikuwezekana kujua. Ulikuwa uchafu tu. Umesema kweli siku ile.

Baba yako akasema, "Haya."

Nikasema, "Haya."

Tukamwaga maji kwenye mpapai. Kisha yule mzee, ambaye hajapiga mluzi hapa nyumbani tangu sijui lini, akasimama pale nyuma ya nyumba na kile kimeza mkononi, akakigonga kwa kifundo cha kidole, taratibu, akasikiliza. Nikaingia ndani nikamwacha. Uliporudi ukaniuliza macho yamefanya nini, nikasema moshi, na jiko lilikuwa halijawashwa. Uliona.

Kiti cha mbao kiko ukutani kwa nje, kimekauka, hakina kitu. Usikichukue. Kibaki hapa. Kuku akitaka atagie humo, sawa.

Siwezi kukuomba usiende. Mahali pako ni kwa mumeo, na nyumba inayopitiwa na treni itamfurahisha mtoto. Ninachoogopa nakiandika wazi, nisije nikakizungusha. Naogopa kwamba utakapokuwa unamwonya Msengi asile kitu kichafu, utanikumbuka mimi. Naogopa kwamba mkija kunitembelea utamkalisha mbali na mkono wangu. Ukifanya hivyo nitaelewa. Lakini nitafurahi kama nitamlisha tena, hata kijiko kimoja, wewe ukiwa umesimama pale unaniangalia. Nitanawa kwa sabuni mbele yako.

Na nakuomba kitu kimoja. Siku ya kwanza atakapokula kwenye hicho kiti cha majivu huko Itigi, akimaliza usikimbilie kitambaa. Mwache kwanza. Mpe kijiko, kile cha bati, nimekitia kwenye mfuko wa nepi, nimekichemsha mara mbili. Unipigie simu na usiseme neno, uishike tu karibu na kimeza. Baba yako atakuwa hapa pembeni yangu.

Tukishasikia, kata simu, uoshe.

Mama yako